Kabati la Msanii: shajara ya mradi, Mwanga, Kigoma

11 Januari

Kabati la vitabu limefika kutoka kwa fundi wa Katubuka. Milango ya kioo, kufuli moja, vanishi bado inanuka. Tumelisimamisha ndani ya duka langu la steshenari hapa Mwanga, mkabala na mashine ya kopi, ili kila anayesubiri kuprinti alitazame, atake asitake.

Lengo limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari: wasanii wa Kigoma mjini na Ujiji wapate mahali pa kusoma mambo ya kazi yao bila kulipa. Hakuna semina, hakuna posho, hakuna mgeni rasmi.

Mtu ataniuliza kwa nini steshenari wakati maktaba ya mkoa ipo. Jibu ni kwamba karatasi za wasanii zinapita hapa. Prodyuza anamtuma kijana na mkataba wa ukurasa mmoja, mwimbaji anausaini amesimama, kalamu kaniazima mimi, anataka kopi mbili chapuchapu kwa sababu bodaboda nje inampigia honi. Maneno ya wimbo wake ameyapitia neno kwa neno, na ukimkosea silabi moja mtagombana. Karatasi inayoamua nani atakula kutokana na wimbo huohuo anaiangalia kama tiketi ya basi.

Tulioanza: mchora mabango wa Kibirizi, ambaye pia ndiye anayeandika majina kwenye maboti, mama mmoja wa batiki kutoka Ujiji, katibu wa kwaya, mwalimu wa sekondari, kijana wa Gungu anayerap, na mzee anayeongoza kikundi cha ngoma. Mimi nina mashine, meza na viti vya plastiki.

18 Januari

Michango ya vitabu imeingia, na karibu yote ni ya aina moja: fikra chanya, amka saa kumi alfajiri, siri za matajiri. Nimeshukuru, nikavipanga rafu ya chini.

Sivichukii. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba hakuna hata kimoja kitakachomwambia mwimbaji afanye nini promota akimwekea mezani karatasi yenye maneno “haki zote, kwa muda wote”. Ari wasanii wa hapa wanayo tele. Mtu anayeshinda juani Kibirizi akichora herufi kwenye ubavu wa boti linaloyumba hahitaji kuambiwa ajitume.

Rafu ya katikati, iliyo usawa wa macho, nimeiachia mambo ya kazi: sheria, mifano ya mikataba, fomu za usajili, daftari la hesabu. Rafu ya juu ni maisha ya wasanii waliotangulia. Kwa sasa ina vitabu vichache vya kuhesabika kwa vidole.

25 Januari

Jamaa wa Gungu amekuja na ombi: nimtolee kopi kitabu kizima, akasome nyumbani. Nimemkatalia. Kabati la kufundisha hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, haliwezi kuwa la kwanza kudurufu kazi ya mtu. Akacheka, akasema basi hata sheria yenyewe tusiitolee kopi.

Hapo ndipo tulipopata somo la siku. Katibu alifungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo kwenye orodha ya sheria za nchi ni Sura ya 218, akamwonyesha mahali inapotaja vitu visivyolindwa. Sheria na hukumu za mahakama zimo. Kwa hiyo sheria tumeitolea kopi, tumeibana kwa spirali, na yeye ndiye aliyeondoka na nakala ya kwanza.

1 Februari

Tumekaa na sheria mchana mzima. Nakala yetu ni ya Kiingereza, hivyo katibu anasoma kifungu, tunabishana kinataka nini, tukielewana mimi naandika kwenye manila kwa maneno yetu.

Lililowashangaza wengi ni kwamba ulinzi unaanza pale kazi inapoumbwa. Hakuna muhuri unaotangulia. Ukishatunga wimbo au kuchora picha, ni yako, hata kama hujawahi kukanyaga ofisi yoyote. Mama wa batiki akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: sasa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya nini? Ya ushahidi, na ya kusimamia haki hizo. Siku mtu akisema wimbo ni wake, mwenye cheti cha tarehe ya mapema ana pa kuanzia. Asiyesajili atahitaji kitu kingine: rekodi ya zamani kwenye simu, daftari lenye tarehe, ujumbe aliomtumia prodyuza kabla ya kurekodi. Tangu leo kijana wa Gungu anajitumia mashairi yake kwa baruapepe kila anapomaliza kuandika. Si cheti, lakini ina tarehe.

La pili lilihusu ng'ambo. Nyimbo za huku zinavuka ziwa, zinapigwa Kalemie na Uvira kuliko tunavyojua, na za kule zinapigwa hapa Mwanga usiku kucha. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu 1994, na Kongo nayo ni mwanachama, kwa hiyo kazi ya msanii wa hapa haiwi shamba la bibi ikivuka maji. Kumfuata aliyeitumia huko ni kazi nyingine, lakini haki ipo.

La tatu lilileta ubishi hadi kufunga duka: sheria hailindi wazo. Inalinda namna ulivyolitoa. Mchora mabango hakukubali. Alisema yeye ndiye wa kwanza kuweka kivuli cha njano nyuma ya herufi nyekundu kwenye maboti ya Kibirizi, na leo kila mchoraji anafanya hivyo. Tulimwambia kivuli hakimilikiwi. Bango lake hili hapa, lenye samaki huyu na maandishi haya yaliyopangwa hivi, hilo ndilo lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi wote hao ni wanafunzi wake, na hawajalipa ada.

8 Februari

Kwa ajili ya ubishi wa wiki iliyopita, nimeandaa karatasi mbili juu ya Edward Saidi Tingatinga, nikazibandika upande wa kabati.

Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo alipoanza kuchora, akitumia mbao za dari na rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo alizoweza kuzinunua. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa. Miaka yake ya kuchora ni michache, inatosha kuhesabiwa kwenye mkono mmoja.

Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na ushirika wao ukasajiliwa mwaka 1990. Leo jina lake ni jina la mtindo, na yeyote mwenye brashi anaweza kuchora tembo mwenye madoa na kuiita picha yake tingatinga. Mtindo haulindwi, ndilo jambo lilelile la kivuli cha njano. Picha zenyewe alizozichora ndizo zilizokuwa na ulinzi, na sheria yetu inatoa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Katibu akapiga hesabu palepale: 1972 ongeza 50 ni 2022.

Mchora mabango alisoma karatasi zote mbili amesimama. Kisha akataka kujua ushirika unasajiliwaje. Nimemtafutia fomu.

15 Februari

Leo mkataba. Nimepata mmoja kwa mwimbaji ambaye ameruhusu tuutumie, majina yote tumeyafunika kwa karatasi nyeupe kabla ya kutoa kopi. Studio iliyouandika sitaitaja, na haina umuhimu, kwa sababu mikataba ya aina hii yote inafanana kama imetoka kwenye faili moja.

Tumetumia kalamu mbili. Kila mstari unaosema msanii anatoa kitu, piga mstari mwekundu. Kila unaosema anapata kitu, piga wa bluu. Dada mmoja wa kwaya alipomaliza aliinua karatasi juu tuione. Ukurasa mzima mwekundu, na bluu mistari miwili: kurekodiwa wimbo mmoja, na “kutangazwa kadiri itakavyowezekana”.

Tulikaa sana kwenye sentensi moja inayomkabidhi prodyuza “haki zote za wimbo, duniani kote, daima”. Hapa ndipo wasanii wengi wanapopotelea, kwa sababu hawajui kwamba ndani ya wimbo mmoja kuna vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wake. Na kuna rekodi, sauti ile iliyonaswa studio. Prodyuza aliyegharamia kurekodi ana hoja juu ya rekodi. Juu ya utunzi hana hoja yoyote, ila kama ametunga nawe au umempa kwa saini yako. Ukisaini “haki zote za wimbo”, umetoa vyote viwili kwa mpigo, na kesho ukitaka kurudia wimbo wako mwenyewe na bendi nyingine utaanza kwa kupiga hodi.

Halafu kuna kuuza na kuna kuruhusu. Anayeuza ameachia. Anayeruhusu anaweka mipaka: kwa kazi gani, kwa muda gani, wapi, na je, mwingine naye anaweza kuruhusiwa. Kwenye manila nimeandika maswali hayo manne tu. Kijana wa Gungu amelipiga picha manila kwa simu, na jioni nikaona ameliweka kama picha yake ya wasifu.

Jambo moja halinunuliki kwa urahisi hivyo: jina lako. Sheria inampa mtunzi haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa, na hiyo inakaa kando na mambo ya fedha. Mchora mabango ameanza kuandika jina na namba yake chini kulia, herufi ndogo. Anasema mwenye boti mmoja amemwambia afute. Hajafuta.

22 Februari

Mvua. Wamekuja wawili. Tumepanga risiti.

1 Machi

Bei. Siku hii imetoa zaidi ya nilivyotarajia.

Mchora mabango alikubali tumpigie hesabu hadharani. Bango la mwisho alilofanya ni la futi 8 kwa 4, kwa duka la spea, shilingi 90,000. Tukaandika: plaiwudi 38,000, rangi 24,000, thina na brashi 6,000, bodaboda ya kupeleka 4,000. Jumla 72,000. Zimebaki 18,000 kwa siku mbili za kuchora, nusu siku ya kusubiri mwenye duka arudi kutoka sokoni, na michoro ya awali ambayo mteja aliibadilisha akabadilisha tena, yote bure.

Mama wa batiki akamwambia, “Kaka yangu, wewe unamuuzia fundi seremala mbao zake.” Kila mtu akacheka, naye akacheka, ila aliendelea kuitazama ile 18,000.

Tumemtengenezea karatasi ya kotesheni, yaani ya kumtajia mteja bei kabla ya kazi, nusu ukurasa, nimeihifadhi kwenye kompyuta ili abadilishe tarakimu tu. Vifaa vinaandikwa peke yake na ufundi peke yake, ili mteja akitaka apunguziwe aseme anataka kupunguziwa nini. Malipo ya nusu kabla ya kununua plaiwudi. Marekebisho mawili ya mchoro yamo ndani ya bei, la tatu linalipiwa. Mzee wa ngoma alitilia shaka, akasema wateja wa Kigoma watakimbia wakiona karatasi. Huenda wengine watakimbia. Wa mashirika, kinyume chake, bila karatasi hawakulipi.

Na hao mashirika ni wateja wakubwa wa sanaa mkoani, kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kazi zote za uhamasishaji zinazoizunguka. Wanataka ngoma, maigizo, fulana, mabango. Wanataka pia kotesheni, ankara, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la kwenye ankara. Kikundi cha mzee kimewahi kunung'unika kwamba kililipwa pungufu. Tulipoisoma hati ya malipo tukakuta ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, ambayo mlipaji anatakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Si wizi. Ila dai cheti cha makato, maana ile fedha ni kodi yako iliyokwisha kulipwa. Mzee ameomba cheti cha kazi ile ya nyuma. Tunasubiri.

8 Machi

Afisa utamaduni wa manispaa amepita, akatazama kabati, akatuachia fomu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Baraza hilo liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984 na ndilo linalosajili wasanii na vikundi. Wengi huku hulichanganya na COSOTA, hivyo nimebandika tofauti yake kwa mstari mmoja: BASATA inakutambua wewe na kazi yako ya usanii, COSOTA inahusika na haki juu ya ulichotunga. Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Ofisi tatu, na hakuna inayofanya kazi ya mwenzake.

Mzee wa ngoma aliuliza kuhusu ngoma za Waha ambazo hazina mtunzi anayejulikana. Sheria ileile ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi: anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila anaomba kibali kwa Baraza la Sanaa. Mzee alifurahi kwa muda, kisha akauliza kama hata yeye aombe anapocheza harusini kwa malipo. Tumebaki tunabishana, na swali nimeliandika kwa ajili ya afisa akirudi.

Kuhusu mikopo: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama wa batiki ana wenzake Ujiji na wanataka kuomba. Ameazima daftari la hesabu kutoka rafu ya katikati na kulijaza miezi miwili nyuma kwa kumbukumbu, jambo ambalo nimemwambia asilifanye. Aanze leo, aandike kilichotoka na kilichoingia, hata kama ni mshumaa na magadi.

15 Machi

Rafu ya juu imepata kitabu nilichokuwa nakitafuta, kimekuja kwa treni kutoka Dar kwa mkono wa jirani: wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Tumeusoma kwa sauti kwa zamu.

Kwangu mimi, msanii anayeanza atapata zaidi humo kuliko kwenye rafu nzima ya chini. Mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu vya mama yake, akaenda mjini Unguja, akajifunza kuimba mbele ya watu, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Kijana wa Gungu alitaka turudi nyuma kidogo: kabla ya Bombay alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaimba, mwaka baada ya mwaka, na kundi lilelile. Tulizungumza sana juu ya kundi. Kigoma tunavunja makundi haraka mno, mtu akipata kolabo moja nje ya mkoa anaona wenzake wamemchelewesha.

Dada wa kwaya aliuliza santuri zile zilimlipa nani, na kiasi gani. Ndilo swali la kalamu mbili, ameshalichukua kuwa lake.

22 Machi

Picha za kazi. Shughuli ya haraka: kila mtu ameleta kazi tatu, tumezipiga nje kwa simu kwenye kivuli cha asubuhi, batiki imenyooshwa kwa pasi na kuning'inizwa bila watoto nyuma yake. Kisha kila mmoja ameandika sentensi tatu kujieleza: ni nani, anafanya nini, kazi yake inaonekana wapi. Wote walianza na “nilizaliwa”. Tumefuta.

29 Machi

Kwaya. Katibu amekuja na kamati nzima, viti vikaisha, wengine wamekalia maboksi ya karatasi.

Nyimbo zote amezitunga mwalimu wao wa kwaya kwa miaka mingi. Rekodi zimelipiwa na michango ya wanakwaya. Video zimewekwa kwenye chaneli ya mtu wa studio, na kinachoingia kinaingia kwake. Hakuna aliyewahi kuandika chochote, kwa sababu ni kazi ya Mungu na kuandikiana kunaonekana ni kukosa imani. Mama mmoja wa kamati alisema hivyo waziwazi. Katibu akamjibu kwamba hata ndoa kanisani hufungwa kwa saini na mashahidi. Mama akasema haya, leteni kalamu.

Tumeandika karatasi ya mgawanyo: jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani muziki, nani amepiga vyombo, nani amelipia studio, na asilimia ya kila mmoja, saini na tarehe. Utunzi umebaki kwa mwalimu. Yeye ameiruhusu kwaya kuimba na kurekodi bila kumlipa maadamu ni kwaya hii. Mapato ya rekodi yanaingia mfuko wa kwaya, na mwalimu anapata fungu lake humo. Asilimia zenyewe ni siri yao. Ubishi mkubwa haukuwa kwa mwalimu, ulikuwa kwa mpiga gitaa la solo aliyehamia Kasulu: je, yumo? Yumo kwenye rekodi alizopiga. Waimbaji na wapigaji wana haki zao juu ya walichokiimba na kukipiga, ndiyo maana sheria inaitwa ya hakimiliki na hakishiriki. Wamempigia simu palepale, spika wazi, akiwa sokoni.

Barua kwa mtu wa studio tumeiandika kwa adabu: asante kwa kazi, tunaomba taarifa ya mapato ya chaneli, tunapendekeza mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na jina la mtunzi liandikwe chini ya kila video.

5 Aprili

Mtu wa studio amejibu. Jina la mtunzi amekubali na ameshaliweka kwenye video tatu. Taarifa ya mapato amesema atatoa kuanzia mwezi huu, za nyuma hana. Mwaka mmoja amekataa, anataka mitano na yeye peke yake. Kamati inakutana naye Jumanne baada ya mazoezi. Wamechapa kopi nne za mkataba wenye marekebisho na wameomba waazime zile kalamu.

Vitabu vya rafu ya chini nimevihamishia saluni ya jirani, kwa makubaliano naye. Rafu imekuwa wazi kwa mafaili ya mama wa batiki na wenzake, wanaoanza kujaza fomu ya mkopo Alhamisi.